Mikono ya Chiriku

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, na lifti ya hospitali ilikuwa imefurika watu. Kijana mrefu mwenye koti jeupe akajipenyeza, amekumbatia kisanduku cha barafu.

"Jamani, msinisukume. Nimebeba bakteria."

Watu wakabanana ukutani. Aliyebaki karibu naye alikuwa muuguzi mmoja wa wodi ya vichanga, sare yake ya samawati imenyooshwa vizuri, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Kumbe lifti unaipata peke yako kirahisi hivyo!"

"Nikuazime kisanduku?"

"Niazime na namba yako ya simu, nikikwama nikuite."

Ndivyo walivyoanza. Maabara walimwita kijana Darubini, na yeye akambandika muuguzi jina la Chiriku, maana hakujua kunyamaza.

"Umekula, Chiriku wangu?" alikuwa akimuuliza kwenye simu.

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utakonda, mpenzi."

Darubini alikuwa ameshaahidi kuwaleta wazee wake kwao binti.

Kisha dada yake Chiriku akajifungua mtoto njiti, kabla ya miezi kutimia, na mtoto akalazwa wodi ileile. Chiriku ndiye aliyemnywesha maziwa kwa kikombe, akimnong'oneza, "Kunywa, mwanangu, mama mdogo yupo." Mtoto alikuwa ameanza kuongezeka uzito alipolegea ghafla. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Vichanga wengine wakafa, naye akafa.

Uongozi ukaagiza wauguzi wote wapimwe mikono. Haikupita muda muuguzi mkuu akamvuta Chiriku pembeni.

"Mwanangu, mikononi mwako wameonekana bakteria wa aina ile iliyoua watoto. Kaa nyumbani kwanza, maabara walinganishe vinasaba vya bakteria hao na wale wa vichanga."

Chiriku alijua nani anayelinganisha. Akampigia Darubini simu papo hapo, nje ya geti.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaninyamazia? Mimi ndiye niliyemuua mtoto wa dada yangu?"

"Mpenzi, kazi haijaisha. Siwezi kusema nisichokijua."

"Hata 'hapana' tu huwezi?"

Kelele za maabara zikafifia ghafla kwenye simu.

"Basi usinipigie tena."

Alijifungia chumbani, pazia limeshushwa, akawa ananawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Habari zilikuwa zimemfikia dada yake, naye hakupokea simu zake. Na Darubini alipopiga, yeye hakupokea.

Mchana mmoja wa jua kali Darubini akabisha hodi mwenyewe, shati halina pasi, macho mekundu.

"Bakteria waliowaua vichanga wote ni wa ukoo mmoja," alisema kabla hajakaribishwa. "Wa mikononi mwako ni wa jina hilohilo, lakini ukoo mwingine kabisa. Hawakutoka kwako."

"Wametoka wapi?"

"Kwenye sinki la wodi. Walijificha kwenye bomba la kutolea maji machafu, na maji yakifunguliwa wanaruka juu."

Chiriku akaketi sakafuni. Kwenye sinki lile ndiko yeye na wenzake walikokuwa wakisuuza vikombe vya maziwa.

"Siku ile, kwa nini hukunidanganya japo kidogo?"

"Ningekudanganya, leo ungeniamini vipi? Niliifunika simu usinisikie nikilia."

Hapo Chiriku akamwegemea kifuani, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu mazishi.

"Twende kwa dada," alisema baadaye. "Umwambie wewe. Mimi nitashindwa."

Walimkuta dada sebuleni peke yake. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka. Blauzi ilikuwa imelowa kifuani. Darubini alisimama mlangoni akaeleza taratibu, bila maneno ya kitabuni: ukoo wa bakteria, sinki, vikombe. Hakuficha kwamba Chiriku naye alivisuuza pale.

"Kwa hiyo mlikuwa mnasafisha," dada alisema akitazama ukuta, "kumbe mnachafua."

"Ndiyo, dada," Chiriku akajibu.

"Na hilo sinki?"

"Limeng'olewa leo asubuhi," Darubini alisema.

"Leo!" Akalirudia neno lile, "Leo," kisha akaangua kilio. Chiriku hakuthubutu kumgusa. Darubini akaanza kurudi nyuma, akidhani wamefukuzwa.

"Shemeji," dada akamwita. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Usisimame mlangoni kama mgeni. Kaa."

Chiriku akaenda jikoni, akarudi na glasi ya maji. Dada yake aliitazama glasi, akaitazama na mikono iliyochubuka iliyoishika. Kisha akanyoosha mikono yake, akaipokea glasi, akanywa.