Foronya ya Maneno Kumi na Mawili

Jumatatu asubuhi, kabla hata vipande vya nyuzi havijafagiliwa sakafuni, Fundi Cherehani aliwasha simu yake akakuta pochi yake ya kidijitali tupu. Sarafu alizonunua Jumamosi, akiba yake yote ya kununulia cherehani mbili za umeme, hazikuwamo.

Inspekta alipofika, mtuhumiwa alikuwa ameshapatikana. Wifi yake Fundi alikuwa amemzibia mlango binti wa ofisi ya jirani, aliyebatizwa jina la Daraja kwa kuwa kazi yake ni kuvusha fedha za benki ziwe sarafu za kidijitali, na sarafu ziwe fedha za benki.

"Huyu hapa, afande," alisema wifi. "Fisi kakabidhiwa bucha."

Mumewe, ambaye ni ndugu wa Fundi na mshonaji mwenzake, alikuwa amechuchumaa akiokota vibiringo vya nyuzi vilivyoangushwa katika purukushani. Kila mtu alimwita Mdogo. Alivirudisha kisandukuni, nyeusi kando ya waridi, kijani kando ya kahawia, huku macho yake yakimfuata Inspekta.

"Mkono wako hauhitaji macho," Inspekta alimtania.

"Mama alituzoesha tangu utotoni."

Inspekta akamgeukia Daraja. "Sarafu za Fundi umeziweka wapi?"

"Sijawahi kuziweka popote, afande." Binti alifungua viganja vyake. "Benki yake ililipa, sarafu zikaenda moja kwa moja kwenye pochi yake. Mimi navusha tu, sihifadhi. Pochi inafunguliwa kwa maneno kumi na mawili, kwa mpangilio wake, na anayapewa mwenyewe tu."

"Kila mwizi huapa."

"Basi usiniamini mimi. Tazama mwenyewe."

Kwenye simu yake alifungua daftari la wazi la miamala ya sarafu, ambalo yeyote duniani anaweza kulisoma. Jumamosi sarafu ziliingia kwa Fundi. Jumapili zilihamia pochi nyingine, na zilikuwa bado humo. "Mwizi hajazivusha. Akitaka ziwe fedha za benki, lazima akaunti iwe na jina lake."

Inspekta, aliyekuja na pingu mkononi, alizirudisha mfukoni. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona biashara iliyojengwa hivi: hata mwenye nayo hana njia ya kumwibia mteja.

"Fundi, maneno yako uliyaficha wapi?"

Fundi, kwa aibu, alinyanyua mto wa kiti chake. Kwenye foronya, katikati ya maua, alikuwa ametarizi maneno kumi na mawili, kila moja kwa rangi yake. "Wote humu wameyaona. Lakini yametawanyika. Mpangilio wake ni ule wa nyuzi zangu kisandukuni."

Inspekta alikimwaga kisanduku mezani. "Kila mmoja avirudishe."

Wifi alivitupia ndani kama anayemimina maharage. Daraja alivipanga kama upinde wa mvua. Mdogo alichukua muda wake, akaweka nyeusi mbele, waridi nyuma kabisa.

"Ndivyo mama alivyowazoesha?"

"Nimesahau, afande."

"Muda mfupi uliopita ulivipanga bila kuvitazama. Sasa umesikia kwamba mpangilio una maana, ghafla umesahau."

Wifi alisogea kando, akamwachia Daraja mlango.

"Mdogo wangu?" Fundi aliuliza.

"Ndilo jina langu hilo. Nimeota mvi, bado ni Mdogo. Karakana mama alituachia wote, na wewe unanunua cherehani bila kuniuliza. Nilitaka fungu langu nikaanze kwangu."

"Ungesema."

"Nilisema, dada. Ulikuwa unashona."

Fundi aliitazama foronya.

Daraja alimwelekeza Fundi kufungua pochi mpya, maana ya zamani ilikuwa imeshajulikana. Mdogo akazirejesha sarafu kwa mkono wake mwenyewe, ndipo Inspekta akamfunga pingu. Maneno mapya yalipotaka kutokea kwenye kioo, Daraja aligeukia ukutani bila kuambiwa. Inspekta naye akageuka, na wifi, na Mdogo.

Fundi alisoma peke yake, midomo ikicheza.

"Nitanunua cherehani moja," alisema hatimaye. "Nyingine ni fungu lako, ukirudi. Haya, geukeni."

Wote waligeuka, isipokuwa Mdogo.