Nyuso za Wino

Rafiki yangu Yassin, wa mtaa wa Mabela, alilisaka kwa udi na uvumba gazeti la picha la serikali la wakati wa vita. Mamake, aliyekuwa mahututi, hakupata kumjua babake, askari wa Unguja aliyepigwa picha humo asirudi tena. Alilipata mtaa wa Hail, kwa mzee mmoja, lakini mzee huyo zamani alikwishazipaka nyuso zote wino, ili chumba alimoliweka kisiwe na sura za watu, kifae kusalia.

"Nnataka kumwona, mwanangu."

"Huyu hapa, mama," alidanganya, akimfungulia gazeti mapajani.

Umeme ukazimika. Gizani Yassin alisikia karatasi ikisuguliwa taratibu, kisha mama akacheka.

"Kumbe mwanya wako umeutoa kwake."

Taa ziliporudi, mama alikwishakata roho. Nyuso zote zilikuwa nyeusi bado. Kidoleni mwa mama wino ulikuwa ukidondoka, mbichi.