Pampu Haifungwi Kavu

Haya, tegeni masikio. Ninaye mtumishi anayekaa chini ya nyumba, gizani, mgeni hamwoni. Kutwa anachota na kupandisha juu, na siku akiketi, nyumba yote inajigonga mpaka inakufa. Ni nani huyo? Ukishindwa usinipe mji, sikiliza tu.

Siku ya mnada Katesh, katikati ya mbuzi na wazee wenye mashuka, liliingia gari jekundu la milango miwili, lile la mashindano ya zamani, likigonga kama debe lenye kokoto. Gaudensia, fundi wa gereji ya mzee Tluway, alikuwa akichagua vitunguu, amevaa ovaroli yake ya bluu na kilemba cha kitenge. Aliacha vitunguu, akaenda kugonga kioo.

"Zima gari, kaka."

Dereva akatoa kichwa. Shati jeupe lililopigwa pasi, vumbi mpaka kwenye kope. "Kwani kuna nini, dada? Nimetoka nalo Bashay salama."

"Hiyo taa nyekundu imewaka saa ngapi?"

"Hii? Sasa hivi, pale kwenye kona. Nilidhani ni ya urembo."

Watu walicheka. Gaudensia hakucheka. "Pampu ya oili imekufa. Inakaa chini ya injini, inachota oili na kuipandisha kwenye vyuma. Ikilala, vyuma vinasagana."

"Na wewe, fundi, huwa unacheka saa ngapi?"

Hata Gaudensia mwenyewe hakujua. Tangu tope lishuke kutoka mlimani na kumchukua mama yake, mwili wake wote ulikuwa umekufa ganzi. Alikula, alifungua nati, alilala. Hata msibani hakulia.

Gari, ambalo kijana aliachiwa na baba yake mdogo Basili, lilibaki gereji. Pampu ya gari la zamani kama lile ilibidi itafutwe mbali. Kijana mwenyewe, Wolfgang, alirudi Bashay, lakini simu yake haikutulia.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Na kelele zako."

Wolfgang alicheka mpaka akakohoa. Miezi miwili ikapita hivyo. Jumapili moja alimletea asali ya Yaeda Chini. Gaudensia aliionja, akajua ni tamu kwa akili tu, kama mtu anavyojua leo ni Jumanne.

Jioni moja simu ikaita, na sauti ya Wolfgang haikuwa na utani.

"Gaude. Nije kwa baba yako na wazee, au nisije?"

Gaudensia alifungua mdomo. Neno halikuja. Alisikia ng'ombe wakilia upande wa pili, na pumzi ya mtu anayengoja.

"Basi," Wolfgang alisema taratibu. "Nimeelewa."

Hakuwa ameelewa. Lakini alishakata simu.

Wiki iliyofuata pampu ilifika, na ujumbe kwenye simu ya mzee Tluway: shikamoo mzee, naomba gari lifungwe Ijumaa, Jumamosi nalipeleka Arusha, nimepata mnunuzi na kazi huko huko. Gaudensia hakutajwa.

"Binti yangu," mzee alisema, "ifunge kavu. Oili haitapanda, gari litafia Endasak, na kijana atarudi kwako akilisukuma. Si kwake taa ni urembo tu?"

Alikuwa anatania. Lakini Gaudensia alilala chini ya gari lile, pampu mpya kifuani, akaliwaza neno hilo kwa muda mrefu. Nani angejua? Mwisho alivuta mkoba wake, akatoa kopo la mafuta ya mgando anayojipaka usoni, akayachota kwa kidole na kuyashindilia kwenye meno ya pampu mpaka kopo likaisha.

"Umemaliza urembo wako wote," mzee alisema.

"Bila hivyo haivuti. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Jumamosi Wolfgang alifika na shati lile lile, safari hii bila pasi.

"Habari za kazi, fundi."

"Nzuri. Nimetoa plagi, injini haitawaka. Piga stata tu, macho kwenye taa."

Injini ikazunguka. Gaudensia aliinama juu yake. Kifuniko cha juu kilikuwa wazi, vyuma vikavu.

"Bado," Wolfgang alisema.

"Endelea."

"Bado, Gaude."

Halafu oili ikapanda, nyeusi kwanza, kisha rangi ya asali, ikachuruzika juu ya vyuma.

"Taa imezimika."

Vidole vilianza kumchomachoma Gaudensia, kama mguu uliokaliwa unaporudiwa na damu. Machozi yakaja, mengi, yakichora njia kwenye masizi ya mashavu. Wolfgang alishuka haraka.

"Nani kakuudhi? Ni mimi?"

"Siku ile uliniuliza kitu."

"Nilikuuliza. Ukanyamaza."

"Sikukukataa. Nilikuwa sisikii chochote, Wolfgang. Hata asali yako sikuisikia."

Wolfgang aliuangalia ufunguo mkononi, akauangalia uso ule uliolowa.

"Na sasa? Nije, au nisije?"

Gaudensia alijifuta pua kwa mkono wa ovaroli.

"Njoo," alisema. "Ila usije kavu."