Koti la Mahojiano

Koti halikuwa kwenye msumari wake.

Mosonik ndiye aliyegundua, saa moja asubuhi ya Ijumaa, mwaka 1934, aliporudi kutoka mtoni na taulo begani. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama sakafuni, kisha akatoka mbio hadi kwenye uzio.

"Mama Apiyo! Mama Apiyo! Koti limeenda!"

Jerusa Obiero alikuwa upande wa pili wa uzio akimfunga bintiye Apiyo vifungo vya gauni la shule. Akamalizia kifungo cha mwisho, akamwambia mtoto aende, ndipo akavuka. Hakuwa mwanamke wa kukimbia kabla ya kujua anakimbilia nini.

Siku hizo Kericho ilikuwa barabara moja ya udongo mwekundu, safu ya maduka ya mabati ya Wahindi, mahakama juu ya kilima, na mvua ya alasiri ambayo ungeweza kuipangia shughuli zako. Mashamba ya chai yalikuwa bado machanga. Upepo ukigeuka, harufu ya majani yanayokaushwa ilishuka hadi mjini, ikaingia ndani ya nyumba kama mgeni anayejua njia. Nyuma ya kanisa palikuwa na nyumba ya udongo yenye paa la mabati na vyumba viwili. Chumba kimoja alilala Mwalimu Danson Ndung'u. Cha pili kilikuwa darasa mchana na bweni usiku.

Ndung'u alikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi, mpaka nyakati ngumu zilipokuja na serikali ikawapunguza makarani. Alipokosa kazi alianzisha darasa la sheria kwa vijana waliotoka shule za misheni: waliotaka kuwa makarani wa mawakili, wakalimani, waandishi wa mabaraza. Yeye alifundisha sheria na taratibu za korti. Jerusa, ambaye wamisheni walimsomesha ualimu kabla hajaolewa, alifundisha kuandika maombi ya kazi na kujibu maswali bila kutazama dari. Kijana akihitimu hawakumwacha njiani. Wawili hao waliuliza huku na huku, wakawaandikia mawakili wa Kisumu na Nakuru, wakabisha milango, mpaka apate pa kukaa.

Na siku ya mahojiano kijana alivaa koti. Lilikuwa jeusi, la Ndung'u mwenyewe, la tangu enzi zake za mahakamani. Wembamba liliwapwaya, wanene liliwabana, na wote walilivaa. Hata miaka mingi baadaye, wanaume wenye mvi walipokutana na Jerusa sokoni waliuliza kwanza habari za lile koti, ndipo wakauliza habari za watoto.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya Kepher Ogola. Wakili mmoja Mhindi kutoka Kisumu alikuwa na kesi Kericho, na alikuwa ameomba karani mmoja tu. Angemwona Kepher mahakamani kabla ya saa sita, kisha angepanda gari kwenda kuwahi treni huko Lumbwa. Baba yake Kepher alikuwa mchuma chai, na mnyapara alikwishaandika jina la mwana pia. Akiikosa nafasi hii, Jumatatu kijana angeanza kubeba kikapu.

Jerusa aliwakuta wote wanne darasani: Mosonik, Onyancha, Kepher, na Mwalimu Ndung'u. Mwalimu alikuwa amenyoa ndevu na kufunga tai.

"Nani alikuwa wa mwisho kutoka hapa?" aliuliza Jerusa.

"Mimi," alisema Mosonik. "Tulienda mtoni kuoga. Nilipofunga mlango, koti lilikuwa hapo. Nililigusa hata."

"Kwa nini uliligusa?"

Mosonik aliona haya. "Ni bahati, Mama. Sisi wote huligusa."

"Nani alirudi kabla ya wengine?"

Onyancha, kijana wa Chepilat asiyeweza kunyamaza hata kanisani, akainua mkono. "Mimi. Nilisahau sabuni. Lakini nilichukua sabuni, Mama Apiyo, si koti. Koti halitoi povu."

"Ulipoingia, lilikuwepo?"

"Sikuangalia."

"Wewe huangalia kila kitu, Onyancha. Jana uliona kiraka kwenye soksi ya mhubiri."

"Hicho kilikuwa kikubwa."

Hakuna aliyecheka. Wote walijua kwamba Onyancha ndiye aliyekuwa wa pili kwa Kepher darasani, na kwamba wiki nzima hawa wawili walikuwa hawasalimiani.

"Na wewe, Mwalimu?"

"Nilikuwa jikoni, nakoroga uji wa vijana," alisema Ndung'u. "Sikuona kitu. Haya, tusipoteze muda. Fungueni masanduku."

Lilifunguliwa sanduku la Onyancha: shati, Biblia, viazi vitamu alivyokuwa amewaficha wenzake. La Mosonik lilikuwa na blanketi na picha ya ng'ombe iliyokatwa gazetini. Kisha Ndung'u akainama mwenyewe, akafungua sanduku la bati la Kepher. Koti lilikuwa juu kabisa.

Kepher aliliangalia, kisha akawaangalia wenzake.

"Ahaa," Onyancha alisema polepole, bila furaha. "Kumbe."

"Sijaliweka hapo," alisema Kepher. "Mama, sijaliweka. Kwa nini niibe kitu ambacho ningepewa baada ya saa mbili?"

"Ili usilirudishe," alisema Ndung'u. Hakumtazama. "Uende nalo Kisumu moja kwa moja. Vijana wameshafanya mambo ya namna hiyo."

"Nani amewahi kufanya?" aliuliza Jerusa.

Ndung'u alinyoosha tai yake. "Sheria ya darasa ni moja, Mama Apiyo. Mwenye mkono mrefu hapelekwi kwa wakili. Tukimpeleka mwizi mmoja, hakuna wakili atakayetufungulia mlango tena."

"Basi aende Onyancha."

"Onyancha hajajiandaa. Wakili ameandikiwa kuhusu Kepher." Mwalimu alishusha pumzi. "Nitakwenda mimi mwenyewe. Nitaongea naye. Jina la darasa lisiharibike."

Jerusa alimtazama. Kisha akainama akalitoa koti sandukuni kwa mikono miwili, kama mtu anayenyanyua mtoto aliyelala, akaliweka mezani jinsi lilivyokuwa. Hakulikunjua.

Lilikuwa limekunjwa vizuri. Limegeuzwa bitana nje, bega la kushoto likaingizwa ndani ya bega la kulia, kisha likakunjwa mara mbili. Namna hiyo koti husafiri siku nzima bila kupata mkunjo wala vumbi. Ni namna ya makarani wa mahakama, nayo ilifundishwa darasani humo mwezi uliopita. Jerusa alikumbuka siku ile, maana alikuwa ameketi nyuma akisahihisha barua za maombi. Ndung'u alisimama mbele na koti lake, vijana wakasimama wakimtazama, kila mmoja na nguo aliyoweza kuazima, wakafuata mikono yake. Ni Kepher tu ambaye hakuwepo. Alikuwa amelazwa Kaplong kwa wamisheni, akitetemeka na malaria.

"Onyancha," alisema Jerusa. "Nenda kwangu, lete koti la Baba Apiyo. Liko kitandani. Kimbia."

Onyancha alikimbia. Mwalimu Ndung'u alitazama jua mlangoni.

"Mama Apiyo, wakili hatangoja."

"Atangoja kidogo. Kesi za Kericho huwa hazianzi kwa wakati, na wewe unajua kuliko mimi."

Koti la Obiero lilipofika, Jerusa alimpa Kepher. "Likunje. Kama unasafiri nalo."

Kepher alilichukua. Akalilaza mezani, akakunja mikono ya koti juu ya kifua chake, akalikunja mara mbili kama blanketi.

"Mungu wangu," alisema Onyancha. "Hilo likifika Kisumu litakuwa kama mkeka."

"Wewe sasa."

Onyancha aligeuza bitana nje, akaingiza bega moja ndani ya jingine, akakunja. Jerusa alichungulia. Bega la kulia lilikuwa ndani ya la kushoto.

"Mosonik."

Mosonik alikunja taratibu, ulimi ukiwa umetokeza kidogo. Bega la kulia ndani ya la kushoto.

Jerusa alichukua koti la mumewe, akalikunjua, akalikung'uta, akageuka kwa Ndung'u kana kwamba shughuli imekwisha.

"Haya, Mwalimu. Shika hili tukalipeleke nyumbani. Niambie, ukifika kwa wakili utaanza kumwambia nini?"

Ndung'u alilipokea. "Nitaanza na pole," alisema, na mikono yake ikaanza kazi yenyewe, bila yeye kuitazama, kama ilivyofanya miaka yote kwenye ukumbi wa mahakama. "Nitamwambia kijana tuliyemwahidi ameonekana na kasoro. Nitamwambia uzoefu ni kitu kikubwa katika ofisi ya sheria, na kwamba…"

Jerusa alikuwa ameliweka koti jeusi karibu na lile alilolishika. Makoti mawili yalikuwa sawasawa. Bega la kushoto ndani ya la kulia, yote mawili.

"Siku ile ulipowafundisha," alisema Jerusa, "walisimama wakikuangalia usoni. Mkono wako wa kushoto ulikuwa upande wao wa kulia. Kila mmoja alikuiga kama anayejitazama kwenye kioo. Mimi nilikuambia wanakosea. Wewe ukacheka, ukasema koti halijui kulia wala kushoto. Hakuna kijana hata mmoja anayekunja hivi, Mwalimu. Kepher hajui kukunja kabisa. Ni mtu mmoja tu katika nyumba hii."

Ndung'u alikaa kwenye benchi.

"Ungelisokota tu ukalitupa sandukuni, nisingejua," alisema Jerusa. Sauti yake haikupanda. "Lakini hukuweza kulisokota."

"Ni koti langu," alisema Ndung'u.

"Na uji? Jikoni hakuna moto. Nimepita hapo nikija. Na umenyoa, na umefunga tai kabla ya mtu yeyote kujua koti limepotea. Tangu utoke mahakamani wewe hunyoa Jumapili tu. Ulijua tangu jana nani atakwenda kwa wakili."

Mosonik aliinamisha kichwa. Kepher alikuwa amesimama kando ya sanduku lake.

"Kwa nini, Mwalimu?" aliuliza Kepher. "Kama uliitaka kazi, ungeniambia. Ningekuachia."

"Ndiyo maana sikukuambia." Ndung'u alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Kila kijana niliyempeleka, koti lilirudi likiwa na harufu. Wino. Nta ya kupigia mihuri. Karatasi za kesi. Usiku nilikuwa nikilinusa hapo msumarini. Nilikuwa natafutia watu kazi, na mtu akiniuliza njiani, 'Mzee, unafanya kazi wapi siku hizi?' nilikuwa namwambia naenda sokoni. Nikamwandikia wakili barua ya Kepher. Nikaisoma tena. Sifa zote nilizoandika zilikuwa zangu. Nikajiuliza, na mimi je? Nani ananiandikia mimi?"

Nje jogoo aliwika. Harufu ya chai ilikuwa imeingia, tamu na kali kidogo, kama ilivyokuwa asubuhi zote za miaka ile ambayo darasa lilikuwa changa na vijana walikuja kwa miguu kutoka Sigowet na Sotik, viatu vimefungwa shingoni ili visichakae.

Jerusa alilikunjua koti jeusi, akalishika mabega. "Kepher. Mkono."

Kepher aliingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Mikono ya koti ilimwishia juu ya vifundo.

"Onyancha, nenda naye hadi mahakamani. Umchekeshe njiani asije akatapika."

"Ndiyo, Mama." Onyancha alimshika Kepher bega, akasita. "Ndugu, nilipoona koti sandukuni mwako niliamini. Nisamehe."

"Twende," alisema Kepher. Mlangoni aligeuka. Alimtazama mzee kwenye benchi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wakili akiniuliza nani amenifundisha, nitasema ni wewe." Wakaondoka.

Wakili alimchukua. Mosonik, aliyetumwa kuchungulia, alirudi kabla ya adhuhuri akipiga kelele tangu kwenye kona ya kanisa: Kepher alikuwa amepanda gari la wakili, mlango umefungwa, wameshika barabara ya Lumbwa.

Saa nane mchana Ndung'u alikuwa bado darasani. Tai alikuwa ameivua. Alikuwa amefunga vitabu vyake kwa kamba.

"Nitarudi kwetu," alisema Ndung'u, Jerusa alipoingia. "Vijana huwezi tena kuwaachia mtu kama mimi."

"Hilo ni kweli. Funguo niachie." Alizipokea, akaziweka mfukoni mwa aproni. Kisha akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, akachukua karatasi na kalamu. "Kwenu kuna kazi gani?"

"Hakuna."

"Basi usiondoke kijinga. Kiwanda anachofanyia kazi Baba Apiyo kinatafuta karani wa mizani. Kupima majani, kuandika uzito. Si kazi ya sheria. Hiyo umeipoteza leo asubuhi kwa mikono yako, na mimi sitakuandikia kwa wakili wala kwa hakimu. Lakini kwa mizani nitakuandikia."

Ndung'u alimtazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Watakuita," Jerusa aliendelea. "Watakuuliza kwa nini uliacha kufundisha. Utawajibu nini?"

Mvua ya alasiri ilianza kugonga mabati, nzito, kwa wakati wake.

"Nitawaambia ukweli," alisema mwishowe.

"Sawa. Keti wima, usitazame dari." Jerusa alichovya kalamu kwenye wino. "Uanze. Nakusikiliza."