Aliyelamba Kurasa

Ukurasa ulikuwa umelowa mate. Siyo maji, siyo jasho la mkono. Mate, mazito, yenye povu pembeni, na Chediel alipoinua kidole yakavutika kama mlenda. Akakinusa. Kilinuka mashudu ya alizeti yaliyoozea guniani.

"Jenifa, nani kashika kitabu changu?"

"Nani akishike? Nipo jikoni tangu asubuhi," mkewe akajibu. "Na usinisogezee hicho kidole, nitatapika."

Chediel alikuwa fundi cherehani pale Iguguno, kando ya barabara, miaka ile mitumba ilipoanza kumwagika nchini na kila mtu akataka suruali yake ipunguzwe kiuno. Kitabu alikikuta kwenye mfuko wa ndani wa koti la mtumba: kijitabu cha rangi, cha maelekezo ya gemu ya televisheni, kwa Kiingereza. Gemu yenyewe hakuwa nayo, wala televisheni. Siku moja aliiona Singida mjini, kwenye kibanda cha kuchezea, akarudi amenuna. Kumbe lile zimwi alilolisoma kijitabuni, lenye maisha ya kusikitisha vile, lilikuwa kidoa cha kijani kinachorukaruka, halisemi, halina kwao! Kijitabuni ndimo lilimoishi. Humo ilielezwa kwamba zamani lilikuwa mpishi wa mfalme, likafukuzwa kwa udokozi, likaishia shimoni likilamba masufuria ya watu. Chediel aliyasoma hayo mpaka akalionea huruma.

Mchana, wateja wakingoja nguo zao, aliwasomea huku akitafsiri. Wakaanza kuja hata wasio na nguo ya kushona, mimi nikiwemo. Na kwa kuwa majina ya kigeni yaliwachanganya, akawapa wahusika majina ya nyumbani. Shujaa akawa Mazengo, binti mfalme akawa Felista. Na zimwi? Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka.

"Huyu sasa ni baba mkubwa Manase!"

Watu walicheka wakashika mbavu, maana Manase walimjua. Mzee yule akimaliza kula alilamba sahani yake, kisha akaomba za wenzake azilambe pia. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Jenifa peke yake hakucheka. Alikuwa na mimba kubwa. Mbili za kwanza ziliharibika, na hii aliilinda hata kwa kukohoa taratibu.

"Umemwita marehemu kwa mzaha," alimwambia mumewe. "Na chakula anachopewa marehemu akiitwa hukumpa."

"Aa, mke wangu, hadithi tu hiyo."

Hadithi tu! Kesho yake ukurasa ukalowa. Kisha sahani alizoosha Jenifa na kuzianika kichanjani akazikuta zina utelezi. Kisha ugali alioufunika ukakutwa umelainishwa juu, unang'aa, na unywele mmoja wa mvi umenata katikati. Puh! Mpaka leo nikiukumbuka unywele ule, tonge halishuki.

Siku iliyofuata, jua la utosi, Jenifa alijilaza mkekani, akasikia sauti kama ya mbwa anayekunywa maji beseni, nao hawakuwa na mbwa, akadhani anaota, mpaka ubaridi ukamgusa tumboni na khanga yake ikajikunja yenyewe kwenda juu, na kitu chenye kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe kikapita kuanzia kitovuni hadi mbavuni, kikarudi, polepole, kwa utulivu wa mtu anayeonja chumvi, na ile harufu ya mashudu ikamwingia kooni, na mtoto, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akageuka ndani ya tumbo akaanza kuufuata ule ulimi kila ulikokwenda.

Chediel aliposikia yowe aliingia na mkasi mkononi. Hakukuwa na mtu. Tumbo la mkewe liling'aa ute, na kitovuni pametuama povu. Alilifuta kwa kipande cha kitambaa, akakimbilia mlangoni kutapika.

Wakamleta mganga, Mama Klara wa Kinyangiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, midomo ilikuwasha nini?" Aliongea kwa kunong'ona, akichungulia vyungu. "Hili jini lilikuja na kitabu chako, linapita tu njia. Wewe ukalipa jina la ukoo wenu, basi likajua ni kwao. Jina lake la kitabuni unalo?"

"Lipo, mama."

"Lisome. Tuliite kwa hilo, litoke kama mgeni. La sivyo litamtaka mtoto."

Chediel akafunua. Shujaa alikuwepo, binti mfalme alikuwepo. Ukurasa wa zimwi ulikuwa mweupe. Wino wote ulikuwa umelambwa, maandishi na picha, na karatasi bado ilikuwa mbichi.

"Basi likumbuke!"

"Silikumbuki, mama. Nimezoea kumwita Manase."

Mama Klara alitema mate chini. Alipika ugali wa mtama na mlenda, akauweka kwenye sahani ukingoni mwa pori, akasema, "Manase, kula, uende." Kijitabu akakichoma, na Chediel, mtu mzima, akakililia waziwazi. Sahani ikakutwa nyeupe. Harufu ikaisha. Jenifa akalala usingizi.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, mzima kabisa. Shangazi Yustina akaja kutoka Ilongero kumpa jina, na hakuna aliyemweleza yaliyotokea. Katika ukoo ule, mtoto akilia hutajiwa majina ya marehemu, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Shangazi akataja la babu, akataja la babu wa babu. Mtoto alilia. Akataja hadi ya wanawake. Mtoto alilia mpaka midomo ikawa ya zambarau.

"Limebaki la kaka yangu," shangazi akasema.

"Hilo hapana!" Jenifa alinong'ona. "Shangazi, nakuomba, hilo hapana."

Mtoto akakata pumzi. Macho yakageuka yakawa meupe. Jenifa akamtazama mwanawe, huyu mmoja aliyefika, akafungua mdomo mwenyewe.

"Manase."

Mtoto akavuta pumzi, kilio kikakoma. Shangazi akapiga vigelegele. Mtoto akafumbua macho, akatoa ulimi. Ulipita kidevu. Akaanza kulamba jasho kwenye mkono wa mama yake, kwenda na kurudi, polepole, na chumba kikanuka mashudu.

Jenifa alitaka kumtupa. Alifumba macho, akampa ziwa.