Diski ya Pili

Siku Shamsia alipokutana na Rwegasira alidhani ni mwanamume aliyefiwa na mke. Ndivyo alivyoonekana, jamani. Stendi ya Muleba ilikuwa imefurika, basi la kutoka Biharamulo ndiyo kwanza limeingia, wauza ndizi na mahindi ya kuchoma wanagombea madirisha, na katikati ya vurugu ile kijana mrefu mwenye shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni amekumbatia furushi lililozungushiwa khanga. Analikinga kwa kiwiko. Kila anayemsukuma anaambiwa, "Taratibu, tafadhali. Taratibu."

Shamsia alikuwa anarudi Bukoba baada ya kumjulia hali shangazi yake. Alivaa baibui jeusi, mtandio wa zambarau na viatu vyekundu ambavyo mama yake hakuvipenda hata kidogo. Akajisogeza.

"Kaka, mfunue uso kidogo. Atakosa hewa."

"Nani?"

"Mtoto."

Rwegasira akalitazama furushi, kisha akamtazama yeye. "Dada, huyu hapumui."

"Inna lillahi!" Shamsia akashika mdomo.

"Hapana, hapana! Ni kompyuta, dada. Kompyuta!"

Shamsia alicheka mpaka akashikilia tenga la nyanya la watu, akafokewa. "Kompyuta ndiyo unaivalisha khanga?"

"Khanga ni ya mama. Na vumbi lote hili, ungeiacha uchi wewe?"

"Na unampeleka wapi mwanao?"

"Miembeni, pale Bukoba. Kuna mwalimu anafundisha Linux."

"Clavery? Acha utani! Mimi mwenyewe naanza kwake Jumatatu."

Basi wakakaa kiti kimoja mpaka Bukoba, mtoto kapakatwa nusu kwa huyu nusu kwa yule. Waliposhuka Shamsia alikuwa anamwita Baba Mtoto, naye anaitwa Mama Mtoto. Mimi si mtu wa kuamini mapenzi ya stendi. Haya niliyaamini, na mpaka leo nikiyakumbuka roho inaniuma.

Kwa asiyejua, Linux ndiyo inayoendesha zile mashine ziitwazo seva, zinazotunza kazi za benki, hospitali na mitandao ya simu. Ukiwa msimamizi wake, kazi yako kubwa ni kuandika amri. Unabonyeza Enta, mashine inatii, na mara nyingi haikuulizi kama una uhakika. Mwalimu Clavery, mwanamume mfupi mwenye sauti ya mhubiri, alikuwa anaanza kila asubuhi kwa maneno yale yale: "Kabla ya Enta, soma jina la mashine. Limeandikwa mwanzoni mwa mstari. Halijifichi! Ninyi ndio hamuoni." Maana kila mwanafunzi aliipa mashine yake jina, na ukiwa umekaa kwenye yako unaweza kuingia ya mwenzako kupitia mtandao na kuiamrisha kana kwamba uko mbele yake.

Mashine ya Rwegasira iliitwa Kokwijuka.

"Nani huyo?" Shamsia aliuliza siku ya kwanza, jicho limemtoka. "Mpenzi wako wa zamani?"

"Mama yangu. Alifariki mwaka jana."

"Ooh. Pole, waitu, ndugu yangu."

Mama Kokwijuka hakuwa mtu wa kuandika meseji. Rwegasira alipokuwa chuoni Mwanza, mama alikuwa anamtumia sauti yake kwenye simu, karibu kila jioni. Simu ile ilipoanza kufa, Rwegasira alizihamishia sauti zote kwenye kompyuta, kwenye diski ya pili, peke yake. Kila siku kabla ya kuanza mazoezi alisikiliza moja. Siku alipompa Shamsia upande mmoja wa hedifoni, Shamsia alijua kwamba amependwa.

"Rwegasira, mwana wange," ilisema sauti ya mama, nyuma yake kuku wanapiga kelele, "ndizi zimeiva na wewe hupo. Nimempa jirani, lakini moyo haukutaka. Kula vizuri huko. Usijibu kama una kazi, mimi naongea tu."

Shamsia alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Umeweka bakapu, nakala nyingine mahali pengine?"

"Nitaweka."

"Lini?"

"Mama Mtoto, unanisumbua kama mke."

"Si ndiyo unanifundisha!"

Mipango yao ilikuwa wazi. Kampuni moja ya Mwanza ilikuwa inataka wasimamizi wawili wa seva, wenye cheti cha kimataifa. Wakifaulu wote wawili, wanakwenda pamoja.

"Cheti kwanza," Rwegasira alisema siku moja wakitembea ufukweni, upepo wa ziwa unapeperusha baibui. "Nikikishika, nakuja kwa baba yako."

"Baba atakuuliza dini."

"Aniulize. Nikiwa na kazi nitakuwa na ujasiri wa kumjibu. Sasa hivi nitamjibu nini, Mlutheri asiye na chochote?"

"Una mtoto," Shamsia akasema, na wakacheka mpaka watu wakageuka.

Ikabaki wiki moja kabla ya mtihani. Asubuhi ya Alhamisi Rwegasira alifanya zoezi la kuisafisha diski kabisa, yaani kuandika sifuri juu ya kila kitu mpaka pasibaki kitu. Alitumia flashi, na alifanya vizuri. Kisha akamwomba Shamsia aingie kwenye Kokwijuka kupitia mtandao amkagulie mipangilio, akatoka kwenda kupiga picha za kitambulisho. Wote wawili walikuwa wanaingia kwa jina moja, lile la msimamizi mkuu, jambo ambalo Clavery alikuwa amelikataza mpaka sauti ikamkauka.

Shamsia akakagua. Akamaliza. Akasema sasa ngoja na mimi nifanye zoezi langu. Diski ya pili ya mashine yake ilikuwa tupu, ya mazoezi tu. Akaandika amri ya kuisafisha, akabonyeza Enta, adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa, akaiacha mashine ikiendelea na kwenda kuswali. Kwenye dua alimtaja Rwegasira, akamtaja na mama yake pia.

Aliporudi kazi ilikuwa imekwisha. Mstari mpya ulikuwa unasubiri amri, na mwanzoni mwa mstari kulikuwa na jina: kokwijuka.

Alilisoma. Akalisoma tena. Akageuka kuitazama mashine ya Rwegasira kule kwenye kona, ile khanga imekunjwa vizuri juu yake.

Mlango ukafunguliwa. "Mama Mtoto! Nimekuletea senene za kukaanga, za kwanza msimu huu. Onja, bado zina moto."

Shamsia alifungua mdomo. Naapa alifungua mdomo aseme. Lakini Rwegasira alishakaa, hedifoni masikioni, anatafuta sauti ya siku ile. Akabofya. Akabofya tena.

"Mungu wangu."

"Nini?" Shamsia akauliza.

Neno hilo moja ndilo lililommaliza. Angelia, angepiga kelele, angekimbia, yote yangesameheka. Yeye akauliza nini, kama mtu asiyejua.

Rwegasira alipekua amri zilizopita. Akaiona. Amri ya kuisafisha diski ya pili, imeandikwa kwa jina la msimamizi mkuu, mistari michache tu chini ya ile ya flashi, bila kuonyesha saa.

"Ni mimi. Lazima nilirudia nikaelekeza diski isiyo yenyewe. Shamsia, nimemfuta mama. Kwa mikono yangu mwenyewe."

Shamsia akaishika ile mikono. "Pole, mpenzi," alisema. "Pole sana." Senene zikapoa kwenye gazeti.

Clavery alijaribu jioni yote. Sifuri tupu, mwanzo mpaka mwisho.

Siku ya mtihani waliketi vyumba tofauti, kila mtu na kamera inamtazama. Rwegasira alizijua amri zote. Aliandika ya kwanza, akaisoma, akaifuta. Akaandika tena, akafuta. Kidole kilifika juu ya Enta kikagoma. Muda ulipokwisha mashine yake ilikuwa karibu vilevile kama alivyoikuta. Shamsia alifaulu.

Rwegasira akaifunga kompyuta kwenye khanga na kurudi Muleba.

"Baba Mtoto, mtihani unarudiwa," Shamsia alimsihi kwenye simu.

"Usiniite hivyo."

"Mwanza wamesema watakusubiri. Nimewaomba."

"Wanisubiri nije niwaharibie? Mtu anipe seva ya hospitali nifute wagonjwa wake? Niache, Shamsia. Niache na migomba. Nikiukata vibaya utaota mwingine."

"Na baba yangu nimwambie nini?"

"Mwambie sikuja."

Halafu alikuwa analia, mtu mzima, na Shamsia anambembeleza, "Nyamaza, mpenzi wangu, nyamaza." Kila alipotaka kusema ukweli, aliahirisha. Aliogopa. Maadamu Rwegasira anajilaumu, atampigia yeye amlilie. Akijua ukweli, atamlilia nani? Hesabu za ubinafsi hizo, nami simfichi. Lakini alimpenda. Hilo nalo ni kweli, na ndilo linalonitia uchungu.

Shamsia akahamia Mwanza, akaanza kazi. Siku moja akapigiwa na Joanitha, dada yake Rwegasira.

"Wifi, huku si kuzuri. Ndevu hanyoi, anaogopa wembe. Ile kompyuta ameisukumia uvunguni. Jana nilimpa mwanangu anishikie nijitwike ndoo, akakataa. Anasema mikono yake haifai. Mtoto mchanga, wifi! Analia, na yeye ameficha mikono nyuma."

Shamsia aliomba ruhusa kazini, akaja Muleba na mtandio ule ule wa zambarau. Alimkuta Rwegasira nyuma ya nyumba, kwenye migomba, anapogoa majani makavu. Amekonda. Shati lile jeupe limekuwa la shamba.

"Karibu, Shamsia. Joanitha ameenda sokoni."

"Sikuja kwa Joanitha. Rwegasira, si wewe."

"Si mimi nini?"

"Diski. Ni mimi niliyefuta. Nilikuwa nimeingia kwenye mashine yako, nikadhani niko kwenye yangu. Sikusoma jina. Nikabonyeza Enta, nikaenda kuswali."

Rwegasira aliweka panga chini polepole. Akaigeuza mikono, viganja juu, akaitazama.

"Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe."

"Ile flashi niliisafisha sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

Akacheka. Alicheka huku machozi yanamtiririka, akaupiga mgomba kofi, akasema, "Si mimi, mama! Si mimi!" Shamsia naye akaanza kucheka na kulia, akamsogelea, na kwa dakika ile aliona kabisa yamekwisha, aliona Mwanza, aliona baba yake akimkaribisha mkwe.

"Nisamehe, Baba Mtoto."

"Jina la mashine? Hilo nimekusamehe. Hata mimi nimewahi kulisahau." Akafuta uso. Kisha akatulia, kama mtu aliyekumbuka kitu. "Siku ile ulinishika mikono. Ukaniambia pole."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Shamsia akainama. "Nilikuwa najua."

"Na nilipokuwa nakulilia kwenye simu, kwamba nimemfuta mama, ukaniambia nyamaza?"

"Nilikuwa najua."

"Na tulipoagana pale mlangoni, naenda kufanya mtihani?"

"Rwegasira, basi."

"Nijibu."

"Nilikuwa najua."

Hakupaza sauti. Angepaza, pengine wangegombana, na watu wakigombana hupatana. Alirudi nyuma hatua moja tu.

Shamsia akahangaika. "Maneno yake ninayo kichwani," alisema haraka. "Nimeyashika yote. Nitakuwa nakwambia. 'Rwegasira, mwana wange, ndizi zimeiva na wewe hu...'"

"Acha!"

"Nataka tu..."

"Usimseme kwa sauti yako, Shamsia. Nikitaka kumkumbuka sasa nitakusikia wewe."

Alimsindikiza mpaka stendi, maana mgeni husindikizwa. Watu walikuwa wengi kama siku ile. Konda akawaona wamesimama pamoja, akauliza, "Wawili?"

"Mmoja," Rwegasira alisema.

Miezi ikapita. Mwanza, kiti cha pili kazini kikapewa mtu mwingine, kijana mwema anayeitwa Kahangwa. Siku moja Clavery alimpigia Shamsia, furaha imemjaa: Rwegasira ameurudia mtihani, amefaulu kwa alama za juu, na anabaki kufundisha naye pale Miembeni. Shamsia alitoka nje ya ofisi, akasimama juani, akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga tangu Muleba. Ikaita mpaka akakata tamaa. Kisha ikapokelewa.

"Hongera, Baba Mtoto," alisema. "Nimesikia. Nimefurahi mpaka nimelia. Usijibu kama una kazi, mimi naon..."

Akajisikia mwenyewe: yalikuwa maneno ya Mama Kokwijuka. Kule upande wa pili sauti za wanafunzi zilisikika kwa mbali, na mtu akimwita, "Mwalimu!"

"Asante, dada," Rwegasira akasema. "Kazi njema huko."