Nani Anamwombea Baba Mdogo

Kabla sijaanza niseme kabisa: mimi si mtu wa mapepo. Ni fundi simu. Kazi yangu ni kufungua vitu nione ndani kuna nini, na mara nyingi ndani huwa kuna maji, kutu, au ujinga wa mwenye simu. Mtu akiniambia nyumba fulani ina kitu, huwa namwuliza kama wamekagua nyaya. Haya yalimpata mama yangu mdogo, na sehemu kubwa niliyasikia kwa masikio yangu, kwa sababu kati ya kibanda changu na saluni yake kuna ubao mmoja tu wa plaiwudi.

Mama Mdogo ni msusi. Ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Wanawake walikuwa wakikaa kwenye kile kiti chake na kumwaga yote: mume haeleweki, mtoto kafukuzwa shule, mimba haishiki. Kila aliyemwaga alipewa jibu moja. "Nitakuombea, dada yangu. Nimekubeba." Alilisema huku meno yameshika kipande cha rasta, na watu waliondoka pale wamepona nusu.

Kanisani alikuwa kiongozi wa maombi ya akina mama. Akishika kipaza sauti, hata waliokuwa wanasinzia viti vya nyuma walikaa sawa. Lakini nyumbani alikuwa haombi. Najua kwa sababu nilikuwa nakaa kwake. Alipanda kitandani, akasema "Ee Baba," na kabla hajafika mbali alishaanza kukoroma. Simlaumu. Mumewe, Baba Mdogo, alikuwa fundi wa kuezeka. Alianguka kutoka juu ya paa, na tangu siku hiyo, kuanzia kiunoni kwenda chini, hakuna kitu. Huo ulikuwa mwaka wa tatu wa kumgeuza, kumwosha na kumlisha, kisha kwenda kusimama saluni kutwa nzima. Nguvu za kupiga magoti angezitoa wapi?

Sasa, siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya kawaida, jua kali, mimi nabandua kioo cha simu iliyotumbukia chooni. Kwenye kiti alikaa mama mmoja tuliyezoea kumwita Mpishi, maana alipika katika shule moja ya bweni. Mpole, mtu wa kucheka huku kaziba mdomo. Siku hiyo hakucheka. Alimweleza Mama Mdogo kwamba ana uvimbe tumboni, na Jumatatu saa tatu asubuhi anaingia kupasuliwa.

"Sina mtu," alisema. "Mama alishatangulia, watoto sikujaliwa. Nikiwa pale mezani nataka nijue kuna mtu mmoja ananitaja kwa Mungu. Mmoja tu. Saa ile ile."

"Nitakuombea. Jumatatu saa tatu. Nimekubeba."

"Kweli, dada?"

"Wewe nenda kalale pale kwa amani."

Jumatatu saa tatu saluni ilijaa bibi harusi na wapambe wake. Mama Mdogo alikuwa akiigiza shangazi wa bwana harusi anavyotembea, na alimpatia kweli kweli, mpaka upande wangu nikadondosha bisibisi kwa kicheko. Mpishi hakutoka pale mezani akiwa hai. Habari zilitufikia wiki iliyofuata, ameshazikwa. Mama Mdogo alisema "jamani," akatikisa kichwa, akaendelea kusuka.

Haukupita muda. Mchana mmoja alikuwa akimwosha nywele dada wa benki, amelaza kichwa kwenye sinki, taulo limemfunika macho. Chini ya taulo sauti ikauliza polepole, "Ulinitaja?"

"Wasemaje, dada?"

Mama Mdogo akafunua taulo. Dada wa benki alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Hakumwambia mtu siku ile; mimi aliniambia baadaye. Ila alianza kufungulia redio kwa sauti ya kuua. Nikagonga ubao, nikamwambia, Mama Mdogo, wateja wangu wakijaribu simu zao hawasikii hata zikilia. Akasema niende nikafungue kibanda kwingine. Si kawaida yake kunijibu vile. Niliudhika, nikarudi kwenye simu zangu.

Kisha siku moja umeme ukakatika na redio ikazimika. Ilikuwa saa tisa hivi, saa ile ya mchana ambayo mtaa mzima unasinzia. Kwangu hakukuwa na mteja. Upande wa pili nikasikia Mama Mdogo anaongea na mtu. Sauti yake ya kawaida, ya chini. Nikasikia na ya pili. Hiyo ilikuwa chini zaidi, ya mtu anayeongea bila kutoa pumzi. Sikuwa nachungulia mambo ya watu, lakini ubao ni ubao.

"Nilikuwa nasikiliza," sauti ile ilisema. "Pale mezani. Nikasema, sasa ananitaja. Sasa hivi. Hakukuwa na mtu."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe."

"Basi unataka nini?"

"Sitaki kitu. Sasa mimi ndiye ninayekuombea."

Mama Mdogo akauliza, na sauti yake ilikuwa imekauka, "Unaniombea nini?"

"Lile unaloona haya kulisema."

Nilijikaza kisabuni, nikazunguka mlangoni kwake. Mlango ulikuwa wazi. Mama Mdogo alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Kiti kilikuwa kitupu. Vidole vyake vilikuwa vinasuka. Vinachukua, vinapishanisha, vinavuta, vinashuka. Hapakuwa na nywele. Machozi yalikuwa yanamtiririka na mikono haisimami. Ilibidi nimshike viganja vyote viwili ndipo vikatulia, na vilikuwa vya baridi.

"Umemsikia?" alininong'oneza.

Nilitaka kusema hapana. Nilisema ndiyo.

Kuanzia jioni ile Baba Mdogo akaacha kula. Mtu ambaye miguu ilimkataa lakini tumbo halikuwahi kumkataa, mtu wa kutania kwamba tumempunguzia nyama, sasa anageuza uso. Tukampeleka hospitali. Vipimo vyote safi. Daktari akatuangalia sisi kama vile ndio wagonjwa. Tukamrudisha nyumbani, naye akawa anapungua huku tunamwona. Shavu likaingia. Sauti ikapungua. Pumzi ikawa inakwenda, inasimama, inafikiria, ndipo inarudi.

Asubuhi moja nilikuwa namfuta uso. Akafungua macho.

"Kuna mtu ananiombea," alisema.

"Ni vizuri, Baba Mdogo."

"Si vizuri. Mwambie aache."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mama Mdogo akanifuata. Hapo ndipo aliponiambia, huku anatazama chini. Alisema kwamba usiku, akimgeuza yule mzee, mgongo unamuuma na shuka zimelowa tena, alikuwa akisema moyoni: Mungu, mchukue tu. Si mara moja. Hajawahi kulitamka, hata kwa kunong'ona. Lakini katika miaka yote hiyo, alisema, hilo ndilo ombi pekee aliloliomba kwa moyo wote.

"Nampenda," alisema. "Unajua nampenda?"

"Najua."

"Basi tu, nilikuwa nimechoka."

Akalia pale. Nami nililia, sioni sababu ya kuficha.

Tukamwita mchungaji, mzee wa watu, asiye na makuu. Alipiga magoti kando ya kitanda akaanza vizuri. Katikati ya sentensi akasimama. Akaanza tena. Akasimama pale pale. Mara ya tatu aliomba maji ya kunywa, akayamaliza, akainuka. Mama Mdogo alipomsindikiza hadi mlangoni nilimsikia mchungaji akimwambia kwa sauti ndogo, "Mama, mle ndani tayari kuna ombi. Nimelikuta limeshafika mbali. Na si la mgeni, ni la kwako. Siwezi kukuondolea. Liondoe mwenyewe."

Ilikuwa Jumapili, saa nne asubuhi, mwanga umejaa chumbani. Baba Mdogo alikuwa anapumua kwa kukumbushwa. Mimi nilikaa kichwani nimemshika mkono. Mama Mdogo akapiga magoti upande wa mlango, kwa kuwa upande wa pili kitanda kimebanwa na ukuta, nafasi yenyewe ya kupitisha kiganja tu.

Akaanza kama kanisani. Ee Mwenyezi, uliyeumba mbingu na nchi. Maneno yale makubwa yakatoka, yakaanguka hapo hapo sakafuni. Yeye mwenyewe aliyasikia yakianguka. Akanyamaza.

Ndipo niliposikia.

Mnong'ono. Ulikuwa humo muda wote, chini ya sauti yake. Maneno hayashikiki. Mwendo tu. Mtu anaomba, anaomba, hapumziki.

Mkono wa Baba Mdogo ukalegea katika wangu.

"Mama Mdogo," nilisema. "Omba."

"Siwezi. Sijui pa kuanzia."

"Omba hivyo hivyo."

Akaweka paji la uso kwenye godoro. Alichosema hakikuwa na mapambo.

"Mungu. Nimechoka. Nilikuomba umchukue. Ulinisikia. Sasa sitaki. Naomba abaki. Hivi hivi alivyo. Hata asiposimama. Hata nikichoka tena. Nikisema tena umchukue, usinisikilize."

Mnong'ono ukapanda.

"Abaki."

Ukapanda tena. Nilihisi kitanda kinatetemeka kwenye paja langu. Baba Mdogo alitoa pumzi. Nikangoja aivute. Hakuivuta.

"Abaki, nakuomba."

Hakuivuta.

Mama Mdogo akainua uso. Alikuwa mweupe midomoni. Akatazama kule ukutani juu ya kifua cha mumewe, na akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani, "Na huyu dada. Aliniomba nimtaje Jumatatu, nikamsahau. Alikuwa peke yake, Mungu. Alikuwa anaogopa. Namtaja sasa." Akamtaja, jina lake la ubatizo na la baba yake, yote mawili. "Mpokee. Usimwache akisikiliza."

Mnong'ono ukakatika.

Kimya kile sitakisahau. Nilisikia mdudu kwenye kioo cha dirisha. Kisha Baba Mdogo akavuta pumzi, ndefu, ya mtu aliyetolewa mtoni, akafungua macho, akatuangalia tulivyo na makamasi.

"Mnanililiaje na sijala?" akasema.

Alikula. Siku ile, na iliyofuata. Akarudisha shavu, akarudisha na maneno yake. Mama Mdogo naye akabadilika. Siku hizi ukimwambia shida yako hasemi atakuombea. Anaweka kitana chini, anakushika bega, anaomba hapo hapo kwa maneno machache, mteja mwingine anaungua masikio kwenye draya akisubiri. Wengine wamemkimbia kwa hilo. Na jioni, kabla hajala, anapiga magoti kando ya mumewe kwenye lile zulia la plastiki lililofunika sakafu. Hajakosa hata jioni moja.

Ningependa kuishia hapo. Watu wakiniuliza huwa naishia hapo.

Juzi tulipata kitanda cha kuinuka mgongo, kile cha hospitali, kwa hiyo tukamhamishia Baba Mdogo sebuleni kwa muda ili tutoe cha zamani. Nilikivuta mwenyewe. Upande wa mlango niliona pale Mama Mdogo anapopigia magoti: zulia limefifia ua lake, pamebonyea kidogo, mabonde mawili madogo ukubwa wa kisahani. Nikacheka, nikamwambia umetuharibia zulia. Akacheka.

Nikavuta kitanda zaidi, kikaachana na ukuta.

Pale ambapo hapapiti mtu palikuwa na mabonde mengine mawili. Zulia lilikuwa limelika lote, limetoboka, saruji inaonekana. Na saruji yenyewe imechimbika. Nilitia vidole vyangu. Viliingia hadi fundo la kwanza, na chini kabisa palikuwa na joto, kama mtu ameinuka pale sasa hivi.

Mama Mdogo alichutama akayatazama kwa muda mrefu. Kutoka sebuleni Baba Mdogo alikohoa, akauliza tunakawia nini.

"Tunakuja, baba," alimjibu. Kisha akazunguka upande wake, akapiga magoti, akaanza kuomba, ingawa jua lilikuwa bado juu na chakula hakijapikwa.